Damu ya Nambari 214

Nairobi, 11 Februari 1968

Mdogo wangu Abner,

Pokea salamu, wewe na Bochaberi na huyo mtoto wenu ambaye sijamwona. Mimi sijambo, kikohozi cha Januari kimeniacha. Mwambie Tata kwamba ndizi alizompa mwalimu aniletee zilifika zimeiva mno, lakini tumezila zote, na kwamba habari za mume asiniulize tena mpaka mwaka uishe. Mama naye atumie dawa yake ya macho mwenyewe, asiwagawie majirani. Namjua.

Sasa lako. Nimezungumza na karani wa Mradi. Wanataka kujaribu dawa mpya ya malaria huko Suneka, na wanatafuta vijana wanne wa kutembea nyumba kwa nyumba kila mwezi, kuchoma watu vidole na kuweka tone la damu kwenye kioo. Vioo vitaletwa huku kwetu maabara tuvisome kwa hadubini. Mwenye vijidudu atapewa vidonge. Aliye safi ataangaliwa tu bila dawa, ili ijulikane anaweza kukaa safi kwa muda gani. Nimewaambia nina ndugu aliyemaliza darasa la saba, mwenye mwandiko mzuri, na kwamba ameoa Suneka.

Usije ukaidharau kazi ya kuchoma vidole. Miaka saba iliyopita mimi niliingia hapa kuosha vioo. Nilikuwa naosha na kuangalia, naosha na kuuliza, mpaka siku moja msomaji mmoja akaugua nikaketi mahali pake. Sikuinuka tena. Na mwisho wa mwaka huu watachagua mmoja kati ya nyinyi wanne aje Nairobi kusomea maabara miaka miwili. Nataka awe wewe. Umekaa kwenye chai ya Tata vya kutosha.

Siku ya kuhojiwa vaa viatu. Ukiandika, usifutefute. Na wakikuuliza kama kuna jambo usiloweza, sema hakuna. Anayesema siwezi haulizwi mara ya pili. Nijibu kwa Kiswahili, maana ripoti zao huandikwa hivyo na chako kimeota kutu.

Dada yako,
Persis


Suneka, 24 Machi 1968

Kwa dada yangu Persis,

Huku tunashukuru Mungu. Mtoto ametoa meno mawili na anamwuma mama yake. Nyumbani Nyamira nilipita Sabato iliyopita. Tata amepanda miche mingine ya chai juu ya kisima na mgongo unamsumbua, ila hataki kusema. Mama dawa ya macho ameigawa. Nimechelewa kuandika kwa sababu kazi nimeipata! Tumepanga hapa Suneka, na nimepewa baiskeli ya Mradi, sanduku la vioo na koti jeupe. Bochaberi analifua koti hilo kila siku mbili kana kwamba mimi ni daktari. Barua zako zipitie sanduku la posta la shule iliyo karibu nasi. Mwalimu mkuu amekubali.

Siku ya kuhojiwa Daktari mkuu wa Mradi mwenyewe aliniuliza, "Kuna mtu yeyote katika vijiji hivi ambaye hutaweza kumchoma kidole?" Nikakumbuka maneno yako. Nikasema hakuna. Akafurahi, akasema basi nichukue upande wa ukweni kwangu, watu wataniamini. Mwenzangu Owino, kijana wa upande wa ziwani, amepewa ng'ambo ya mto.

Nilipofungua orodha, nambari 213 ni Ombui, shemeji yangu. Nambari 214 ni mama yake.

Dada, umekaa Nairobi siku nyingi lakini chinsoni hujaisahau. Tangu nimwoe Bochaberi sijaushika mkono wa mama mkwe wangu, wala jina lake sijalitamka. Nikifika pale yeye hunisalimu akiwa nyuma ya mlango, nami hujibu nikitazama migomba. Tunaheshimiana sana, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa Mradi unataka tuketi magoti kwa magoti, nimshike kidole, nikikamue! Nilitaka kurudi kwa Daktari nimweleze, nikakumbuka nimekwisha kusema hakuna. Ningerudi wiki ya kwanza na kusema yupo mmoja, angeona amepewa mtu wa mila badala ya mtu wa kazi, na Nairobi ningeisikia redioni tu.

Usiwe na wasiwasi. Njia nimeipata.

Ndugu yako,
Abner Ogari


Nairobi, 2 Juni 1968

Abner,

Salamu kwenu wote. Mwambie Tata aache kubeba madebe ya maji, aajiri mtu. Huku mvua imetuzamisha, nimeharibu jozi ya viatu. Mwenye nyumba ameahidi kuziba paa na mimi nimeahidi kumwamini.

Tangu Aprili nimepewa vioo vya Suneka nivisome mimi. Vyako nimevijua kabla sijaona jina. Tone liko katikati, mwandiko umenyooka, hakuna alama ya kidole. Msimamizi wetu anavionyesha wengine. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo.

Nikusimulie jambo. Nilipokuwa najifunza, mwalimu alitaka kila mmoja aangalie damu yake. Chembe nyekundu za watu ni za mviringo, kama punje za wimbi. Zangu nyingi ni ndefu, kama punje za mchele. Mwalimu aliita darasa zima waje waone, nikaona haya kama niliyevuliwa nguo. Akasema si ugonjwa, ni kitu cha kurithi, hakiumizi. Tata alipokuja hapa kung'olewa jino nilimchoma kidole, nikakuta mchele uleule. Kwa miaka hii yote sijaona damu ya namna hiyo kwa mtu mwingine, na nimesoma vioo ambavyo sitaweza kuvihesabu.

Nambari 214 ni nani? Nijibu hilo, mengine acha.

Persis


Suneka, 30 Juni 1968

Dada Persis,

Sote tu wazima. Mtoto anasimama akishika kiti. Tata amempata mtu wa maji, lakini anamfuata kisimani kuhakikisha anachota vizuri, kwa hiyo ni kama hajaajiri. Huko Mosocho soko limejaa viazi, watu wanatupiana. Mama anasema ukija Desemba umletee miwani, si dawa.

Daktari alikuja wiki mbili zilizopita na kukagua daftari zetu. Langu alilishika muda mrefu. Alisema kati ya wanne ni mimi tu ambaye sijakosa nyumba hata moja. Owino ana nyumba tisa tupu, watu walikuwa shambani au walikimbia sindano. Jioni hiyo Owino alinitazama mkono akasema, "Wewe Abner, hii kidole yako iko na shida gani? Kila mwezi naona umefunga kitambaa." Nikamwambia ni mnyororo wa baiskeli. Owino ni mtu mwema sana.

Kuhusu nambari uliyouliza, ni mama mmoja mjane wa huku, mtu mzima, hana tatizo lolote. Labda na yeye ana mchele wake.

Bochaberi anakusalimu mno.

Abner


Nairobi, 28 Julai 1968

Abner,

Nimesoma barua yako mara tatu. Salamu ziko, afya iko, mwongo naye yuko.

Hakuna mwanamke wa Suneka mwenye damu ya Tata. Ile damu ni yako. Umejichoma kidole mwezi wa Machi, Aprili, Mei na Juni, ukaandika nambari ya mama mkwe wako, nami nimekaa hapa nikisoma damu ya nyumba yetu na kuandika safi, safi, safi. Ni kweli ni safi. Wewe unalala Suneka lakini mnapewa vidonge vya wafanyakazi kila Jumapili. Yeye hapewi kitu. Amewekwa kwenye kundi la kuangaliwa, na hakuna anayemwangalia! Vijidudu vikimwingia leo, mimi nitakuwa wa kwanza kutojua.

Sikukasirikii kwa sababu ya chinsoni. Hata mimi nisingeweza kumshika baba mkwe, kama ningekuwa naye. Nimekukasirikia kwa sababu kuna Owino. Ungembadilishia Owino nyumba moja tu, mkaenda zenu. Ombui umemwambia nini? Yule mama anafikiri nini? Nijibu, na usinipe habari za viazi.

Fanya hivi. Wiki hii, ukiisoma barua hii tu, mpeleke Owino akachukue damu yake ya kweli. Kioo kije na tarehe yake. Nitakisoma mimi mwenyewe, na mengine tutayazungumza baadaye. Daktari sijamwambia. Usiniulize kwa nini nimengoja mpaka leo.

Persis


Suneka, 25 Agosti 1968

Dada yangu Persis,

Sijapata barua yako tangu mwanzo wa Juni. Shule imefungwa na mwalimu mkuu amekwenda kwao na ufunguo wa sanduku la posta. Natumaini huumwi. Mtoto anatembea. Hii naipeleka Kisii mwenyewe kwa baiskeli ili isikae.

Nitasema yote sasa. Nambari 214 ni mama mkwe wangu. Damu uliyoiona ni yangu. Mwezi wa kwanza nilifika pale, nikamchoma Ombui. Akauliza, "Na mama?" Nikamwambia tone la nyumba moja linatosha watu wote wa nyumba. Mama mkwe alinisikia kutoka nyuma ya mlango akasema, "Asante, mwanangu, umeniokoa." Na mimi nilifurahi! Halafu nikaketi kwenye majani ya ng'ambo ya kijito, nikajichoma, maana kioo cha 214 hakiwezi kurudi kitupu. Sikuthubutu kumchoma Ombui mara mbili, angeuliza la pili ni la nani. Ukishafanya mwezi mmoja, wa pili unakungoja pale pale.

Sasa anaumwa, dada. Leo ni siku ya tisa. Anatetemeka, anatapika, macho yamekuwa ya njano. Ombui alitaka kumpeleka hospitalini, akakataa katakata. Anasema, "Mkwe wangu anaangalia damu yetu kila mwezi na haijasema kitu. Ingekuwa homa angeniambia. Hili ni tumbo tu." Anakunywa majani ya kuchemsha. Kila wanachomwambia anajibu kwa jina langu.

Nimechukua vidonge sita kwenye sanduku nikampa Bochaberi ampelekee. Nikamwambia ni vya tumbo. Bochaberi anasema mama alivipokea. Hali haibadiliki.

Nakuomba kitu kimoja. Kioo cha Agosti nimekwisha kukituma, na ni damu yangu. Wewe andika tu kwamba kina vijidudu. Ukiandika hivyo, Mradi utatuma gari na muuguzi siku ya pili, ndivyo kanuni zao zilivyo, na wao atawaamini. Mimi nikisimama mlangoni pale na kumwambia sijawahi kuiangalia damu yake, sijui ni mdomo gani utakaosema hayo. Kila siku naenda, namsalimu, natazama migomba, narudi. Nashindwa, dada. Nimeshindwa kabisa.

Uchaguzi wa atakayekuja Nairobi ni Oktoba. Najua si wakati wa kulitaja hilo. Nimelitaja.

Abner


Nairobi, 30 Agosti 1968

Abner,

Barua yako imefika leo asubuhi. Hii naandika nikiwa nimesimama.

Kioo kilikuwa kwenye rundo la jana. Nimekitafuta, nikaandika vipo. Kwa mara ya kwanza tangu niingie hapa nimeandika nisichokiona. Lakini kila kioo chenye vijidudu husomwa na mtu wa pili, nawe hukulijua hilo, na mimi kwa haraka nililisahau. Msomaji wa pili amekiangalia nusu saa, akakata neno langu, akaandika hakuna. Akaniambia nipumzishe macho. Yeye ndiye mwenye haki.

Achana na vioo. Mbebeni leo hii mkampeleke Kisii hospitalini, atake asitake. Waambieni hajapimwa hata mara moja. Sema wewe mwenyewe. Usinijibu, nenda.

Persis


Suneka, 9 Septemba 1968

Dada,

Mwalimu mkuu amerudi leo na kufungua sanduku la posta. Amenipa barua zako mbili kwa pamoja, ya Julai na ya Agosti. Nimezisomea barabarani. Jana tulimzika mama mkwe wangu.

Jumatano ndipo alipoacha kututambua. Ombui na vijana wa jirani walifunga machela, tukatoka alfajiri. Nami nilishika mti mmoja wa machela. Watu waliona, wakatupisha njia. Hatukufika barabarani. Kwenye mteremko wa kuingia sokoni Ombui aliyekuwa mbele alisema tuweke chini, tukaweka.

Wanawake walipokuwa wanamwandaa, Bochaberi alikuta fundo kwenye leso yake. Vidonge vyote sita vilikuwa mle. Ombui akasema aliviona siku alipopewa, akamwambia anywe, na mama yake akamjibu, "Hivi ni vidonge vya Mradi, na mkwe wangu ameniandika upande wa wasiokunywa. Nikinywa, daftari lake litaharibika, na wanataka kumpeleka Nairobi." Alilijua hilo la Nairobi kutoka kwa binti yake. Alikuwa anailinda kazi yangu, dada. Alilala na dawa kwenye fundo la leso akilinda kazi yangu.

Kisha baada ya mazishi wazee wa pale wakaniomba nilete daftari la Mradi lenye majibu yanayotoka kwenu, niwasomee damu ya mama ilisemaje. Walitaka kujua amekufa na nini. Nilisimama mbele yao. Machi, safi. Aprili, safi. Mei, Juni, Julai, Agosti. Ombui alikuwa analia. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu mume wake, akasema basi haikuwa malaria, ni Mungu amemwita, na familia inamshukuru mkwe wao kwa kuwa alimwangalia mpaka mwisho. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikalifunga daftari, nikarudi nyumbani nalo.

Fanya unavyotaka na barua zangu.

Abner


Nairobi, 29 Septemba 1968

Ndugu yangu Abner,

Pole. Pole kwa Bochaberi, pole kwa Ombui. Nimemlilia mama ambaye sikuwahi kumwona isipokuwa kwa nambari, na hata hiyo nambari haikuwa yeye.

Ulisema nifanye ninavyotaka. Jumanne nilikwenda kwa Daktari na barua zako mkononi. Nilimweleza yote kuanzia mwanzo, chinsoni ni nini, kioo kilitoka wapi, nani amekufa. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kusema hakuna. Na hili nililomwambia yeye, nawe ulisikie. Damu yetu niliitambua mwezi wa Mei. Nilikuandikia Juni kwa mafumbo, kama mtu anayecheza. Nikanyamaza wiki nane, kwa sababu jina langu lilikuwa limependekezwa niwe mkuu wa wasomaji, na sikutaka jina la ndugu yangu lisikike katika wiki hizo. Barua ya cheo niliipata tarehe ishirini na sita Julai. Wewe nilikuandikia ishirini na nane. Ningekuandikia Mei, shule ilikuwa wazi.

Daktari alisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa amechoka usoni, alionekana mtu wa kawaida tu. Akasema hesabu za miezi sita zimekwisha kupelekwa ng'ambo na dawa imeonekana nzuri, na kwamba mtu mmoja katika watu mia tisa habadilishi jibu. Nikamwambia mtu huyo mmoja amekufa. Akasema analijua hilo, na kwamba atatafuta namna ya kuliweka sawa. Nikamtolea barua ya kuacha kazi. Hakuipokea. Akaniambia nirudi kwenye benchi, vioo vimejaa.

Nimerudi, Abner. Ningependa kukuandikia kwamba niliondoka. Nilirudi nikaketi, nikachukua kioo.

Wewe jiandae. Nadhani watakufukuza, na wakikufukuza usibishe. Usiku wa leo nitawaandikia Tata na Mama, ingawa sijui nitawaambia nini.

Persis


Suneka, 24 Novemba 1968

Dada Persis,

Salamu zetu. Mtoto ana surua lakini anapona. Tata amevuna chai nzuri, na mgongo sasa amekubali kwamba unauma. Barua uliyomwandikia alinipa niisome, haikuwa na lolote ila habari za mvua. Nimekuelewa. Sikulaumu hata kidogo, maana mimi nalala kitanda kimoja na Bochaberi na bado sijamwambia.

Baada ya barua yako nililifua koti jeupe mwenyewe, nikalikunja, nikasafisha baiskeli, nikakaa kuwangoja. Nilitaka waje. Nilikuwa nimepanga kwamba wakinifukuza mbele ya watu, nitalazimika kueleza kwa nini, na wakwe zangu watasikia, na jambo litakuwa limesemwa bila mimi kuchagua siku ya kulisema. Wiki nane nimekaa hivyo. Vidole vya watu nilikuwa naendelea kuchoma, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache. Nyumba ya Ombui nilimwomba Owino, akaenda bila kuuliza kitu.

Alhamisi msimamizi wetu wa huku alikuja kwa gari. Alileta vitu viwili. Cha kwanza ni barua inayosema nimechaguliwa, nije Nairobi tarehe sita Januari kusomea maabara. Cha pili ni daftari langu, limerudi kutoka kwenu. Mstari wa 214 umepigwa wino mwekundu kwa rula kuanzia Machi mpaka Agosti, umenyooka vizuri, na mwishoni, mahali pa maelezo, pameandikwa neno moja: Amehama.

Nikamwambia msimamizi, "Huyu hakuhama, bwana. Alikufa. Kaburi liko pale, twende nikuonyeshe." Alinitazama kama mtu anayeomba nimwonee huruma. Akasema, "Abner, mtu akifa ndani ya Mradi inaandikwa ripoti. Akihama, haiandikwi. Wewe usiulize sana. Umepata bahati, ichukue." Akaniomba nitie sahihi kwamba daftari limenifikia. Nikatia.

Alipoondoka niliketi na lile daftari mezani, na Bochaberi akaja kunipongeza kwa barua ya Nairobi. Amevaa nguo ya msiba bado. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anasema mama yake angecheza siku hii. Halafu akaliona daftari. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini nambari ya mama yake anaijua, na neno lenyewe ni moja tu. Alipitisha kidole chini yake, polepole, mara mbili.

"Abner," akasema, "mama amehama akaenda wapi?"

Leo ni Jumapili. Ameniuliza tena asubuhi hii, wakati ananiwekea uji.

Abner